Nilivyoikimbia Surua Hadi Ushongo

Surua ilipoingia mtaa wetu wa Chumbageni, Tanga, majirani waliwafungia watoto ndani na kuomba dua. Mimi, karani wa bandarini na msomaji wa magazeti, niliona hiyo ni akili ya kizamani. Nikaamua kumtorosha binti yangu Mwanaidi, wa miaka mitano, nimpeleke kwa dada yangu kijijini Ushongo akavute hewa safi. Asubuhi ya safari nilimkagua ngozi toka utosini hadi nyayoni. Upele hakuna. Mafua kidogo tu na macho mekundu, na nani asiyeyapata?

Saa mbili tukapanda basi la Pangani. Mwanaidi alikohoa njia nzima, nami nikafunga madirisha ya upande wetu vumbi lisimzidishie. Abiria wakanisifu kwa kumjali mtoto.

Adhuhuri tukavuka mto, tukashika njia kwa miguu. Nilimbeba mgongoni, naye akanipigia chafya shingoni hadi kijijini.

Alasiri tukafika. Dada yangu Mwanahamisi alikuwa mlangoni, amempakata Saidi wake wa miezi tisa, mtoto aliyempata baada ya kuharibikiwa na mimba mbili.

"Shikamoo, kaka. Mtoto ana nini?"

"Marahaba. Vumbi la njiani."

Alimtazama Mwanaidi usoni, kisha akatupisha. Kwa kuwa mgeni mtoto hatengwi, Mwanaidi akalazwa kitanda kimoja na shangazi yake na Saidi.

Siku ya tatu upele ukamtoka Mwanaidi usoni. Nikaja juu: kijiji gani hiki, mtoto amefika mzima kikamwambukiza! Dresa wa zahanati aliyeitwa kutoka Pangani alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Bwana karani, surua huingia kwa pua na koo," akasema. "Hujificha mwilini siku kumi hivi, kisha hurudi kifuani, mtoto akawa anaikohoa hewani siku tatu au nne kabla upele haujaonekana. Huo upele ni taarifa tu, na hufika kwa kuchelewa. Huyu alitoka nayo kwenu."

Nilihesabu siku kwa vidole. Nikalikumbuka na lile basi.

Mwanaidi akapona, akawa anakimbiza kuku. Siku ya kumi na moja Saidi akaanza kukohoa. Upele ulipotoka, kifua kilikuwa kimeshambana. Tulimzika Ijumaa. Nililia mbele za watu, na aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko machozi. Wanakijiji walisema ni upepo mbaya. Mimi, mwenye neno kwa kila jambo, niliwaacha waamini hivyo.

Siku ya kurudi Tanga, dada alitusindikiza hadi minazi ya mwisho.

"Dada, ni sisi tuliomletea," nikasema.

"Najua, kaka. Kile kikohozi nilikisikia mkiwa bado njiani. Nikajua si vumbi."

"Mbona hukuturudisha?"

"Ulikuwa umetembea tangu mtoni na mwana mgongoni. Ningekwambiaje urudi?"

Basi, nilichojifunza ni hiki. Surua ikiwa mtaani kwenu na mtoto ameanza mafua, usiiulize ngozi yake. Kaa naye nyumbani kwako. Dada yako hatakufukuza.