Ijumaa Alizozifunga Lyle

Kaka yangu Lyle Brubaker alikuwa amepuliza filimbi miaka thelathini na moja kwenye mpira wa kikapu wa shule za sekondari za wilaya yetu, na miaka yote hiyo alikuwa hajapewa fainali hata moja. Mchana yuko ghala la nafaka, anapima mahindi ya watu. Jioni anavaa shati la milia anakwenda kutukanwa na mama za wachezaji. Mke alimchoka akaondoka, watoto hakujaliwa. Alichokitaka duniani ni fainali ya wilaya, basi.

Dwight Pell, Lyle ndiye aliyemfundisha urefa. Dwight alikuja hajui hata kuiuma filimbi. Mwaka wa sita akapewa fainali. Akapewa tena, na tena. Lyle anakwenda kumtazama, kidaftari magotini, anaandika makosa. Akirudi ananisomea jikoni huku namenya viazi.

"Robo ya pili, kachelewa kufika kona."

"Endelea," namwambia. Sisemi uongo, na mimi nilikuwa nasikia raha. Husuda ilitukaa nyumba nzima.

Zamani aliyepanga marefa ni mzee Harlan Voss. Harlan alipiga simu. Ukisema huna nafasi, anakubembeleza: "Lyle ndugu yangu, usiniangushe." Mtu unajiona mtu. Alipochoka akamwachia binti yake Corinne, na Corinne akaleta kompyuta. Kila refa anafungua siku anazoweza, anafunga asizoweza. Makocha wanawapigia kura marefa wa fainali, kompyuta inapanga. Simu hakuna.

Msimu ule Lyle akapangiwa vitoto vya kidato cha kwanza, Jumanne, watazamaji wazazi kumi. Ijumaa zote za Dwight. Lyle akavimba, chakula hakiliki.

"Funga Ijumaa zako," nikamwambia. "Februari yote, na Machi. Corinne atakosa watu, atapiga simu."

"Atapiga, na atabembeleza," akasema.

Akafunga. Tukawa tunaitegea simu masikio kama wachumba. Akapiga daktari wa meno tu.

Jumamosi ya kwanza ya Machi wazima moto walipika chapati za maji, mji mzima ukaenda kula kama kila mwaka. Dwight akaja na sahani yake, akakaa mbele yetu.

"Mwalimu, nyonga inaendeleaje?"

"Nyonga gani?" Lyle akauliza.

"Corinne kasema umefunga siku zako, tukadhani nyonga inakusumbua. Mwaka huu makocha walikupigia kura wewe wa kwanza. Kompyuta ikaona umefunga, ikakuruka, ikaniangukia mimi." Akashusha sauti. "Nikimpigia Corinne leo, fainali ya Ijumaa nakuachia. Wewe sema tu."

Lilibaki neno moja tu. Nikampiga teke chini ya meza. Lyle akamwaga shira kwenye chapati mpaka zikaogelea.

"Kaa nayo," akasema. "Mimi silambi sahani ya mtu."

"Si sahani yangu, mwalimu. Ilikuwa yako."

"Nimesema kaa nayo, Dwight."

Ijumaa tukaenda. Shule ya Harmon na ya Dell Creek, ukumbi umejaa mpaka ngazini. Sisi tulikaa na watu wa Harmon, wakulima wanaomletea Lyle mahindi. Kidaftari kilikuwa wazi, na hakuandika kitu, maana Dwight hakukosea. Zikabaki sekunde nne, Harmon wako nyuma kwa pointi moja. Kijana wao akakata katikati, akamvaa beki, mpira ukaingia. Dwight akapuliza, akaweka mkono kisogoni: faulo ya mshambuliaji, kikapu hakihesabiwi.

Beki alikuwa amesimama, miguu yote miwili chini, faulo ya haki kabisa. Mimi niliona, na nina mtoto wa jicho.

Watu wakachafuka. Gus Amstutz, safu ya mbele, akageuka. "Lyle, wewe ndiye unayejua. Ile ni faulo?"

Safu tatu zikanyamaza kumsikiliza. Miaka thelathini na moja hakuna aliyemnyamazia hivyo.

"Hapana," Lyle akasema. "Beki alikuwa bado anatembea."

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona mwenyewe."

Kufika Jumatatu habari ilishaenea kanisani, kwa kinyozi, dukani: Dwight Pell kawaibia Harmon, hata mwalimu wake kasema. Sasa, makocha kwetu wana haki, kila mmoja anaweza kufuta majina matatu ya marefa asiowataka. Msimu uliofuata kocha wa Harmon akamfuta Dwight, na makocha watatu rafiki zake nao wakamfuta. Dwight hakuja kuuliza. Alipangiwa vitoto, Jumanne.

Lyle safari hii Ijumaa zake aliziacha wazi, na kompyuta ikampa fainali. Akaja kwangu na shati la milia mkononi, uso unang'aa kama wa bwana harusi.

"Dada Verna, ninyooshee."

"Pasi iko kabatini," nikamwambia. "Na yule beki alikuwa amesimama, Lyle."

Akatoa pasi, akanyoosha mwenyewe, akaunguza ukosi, akalivaa hivyo hivyo akatoka. Wanasema alipuliza vizuri sana. Mimi sikwenda, na mpaka leo sijamwuliza ilikuwaje.