Kuzamia Msimu wa Harusi

Mtu akiniuliza namna ya kupanga likizo ya kuzamia, siku hizi humwambia jambo moja kabla hatujafika kwenye miwani na mitungi ya hewa: usiwaambie ndugu zako. Ukiwaambia utaagizwa samaki wa migebuka, utaagizwa mawese, utaagizwa vitenge vya Kongo, na ukidhani wamemaliza utaambiwa kuna shughuli nyumbani ambayo haiwezi kufanyika bila wewe. Mimi niliwaambia. Ndiyo maana nina mengi ya kusema.

Nafundisha shule ya msingi Kasulu, na kwetu ni Kibondo. Likizo yangu ya katikati ya mwaka huangukia kiangazi. Kiangazi ndipo maji ya Ziwa Tanganyika yanapokuwa safi, kwa sababu mito imeacha kuteremsha tope, na mtu yeyote anayejua kuzamia atakwambia uende wakati huo. Kiangazi hichohicho ndipo ukoo wetu unapooa na kuozesha, kwa sababu mahindi yako ndani na barabara hazitelezi. Sasa mimi ndiye shangazi. Kwetu bibi harusi hatoki chumbani mpaka shangazi yake aingie, amshike mkono na kumleta mbele ya wakwe. Kaka yangu mkubwa ana mabinti wengi, na dada hana mwingine zaidi yangu. Likizo zangu zote ameshazila yeye.

Hamu ya kuzamia niliipata kwenye simu ya mwalimu mwenzangu. Alikuwa na video ya samaki wadogo wa mawe, wa njano wenye mistari ya buluu, wanaozunguka kichwa cha mzamiaji kana kwamba ni mgeni aliyefika sebuleni kwao. Maisha yangu yote nimekula samaki wa ziwa lile na sikuwahi kukutana na hata mmoja akiwa nyumbani kwake. Nikasema likizo hii ni yangu, kuwe na harusi kusiwe na harusi.

Kuogelea nilijua tangu chuo cha ualimu. Kama hujui, jifunze kwanza, usimpotezee mtu muda. Kinachofuata ni daktari, kwa sababu mwalimu wa kuzamia hakupokei bila cheti kwamba masikio, mapafu na moyo viko sawa. Jipange mapema, na jipange kwa subira, maana daktari niliyemwona aliniuliza, "Unaumwa nini, mama?"

"Siumwi."

"Sasa umekuja kutibiwa nini?"

Nikamweleza. Akaniangalia, akamwangalia muuguzi, akaniuliza kama nina mawazo mengi nyumbani. Nilimwambia ninayo, lakini hayahusiani na masikio. Mwishowe alinipima kila kitu na kuandika kwamba mimi ni mzima, akiniomba nikitoka huko nirudi nimwambie kulikuwaje.

Jingine ni mafua. Ukiwa na mafua usizame, kwa kuwa pua ikiziba masikio hayafunguki, na kule chini yatauma mpaka ulie. Wiki nzima kabla ya safari nilimkimbia kila mtoto aliyepiga chafya darasani. Wazazi wa Kasulu wanajua mwalimu wao alivyokuwa mkali siku zile, ila hawajui sababu.

Kuhusu harusi, msinione nilizembea. Nilimwendea kaka mwenyewe nikamweleza kwamba nitakuwa Kigoma mpaka mwisho wa juma, najifunza, na binti yake tumtoe mwisho wa juma litakalofuata. Akasema hamna shida. Kaka yangu akisema hamna shida, hapo ndipo mtu mwenye akili angeanza kuogopa.

Mwalimu wangu wa kuzamia alikuwa Mkongomani, mtu wa Uvira, aliyefanya kazi miaka mingi ya kukamata samaki wa mapambo wanaosafirishwa wakiwa hai. Hakuwa na haraka wala mzaha. Alinifundisha ufukweni, kwenye maji ya kifuani: kuuma kile kipande cha mpira na kupumua taratibu, kubana pua na kupuliza ili masikio yafunguke, kumwaga maji yaliyoingia kwenye miwani bila kupanda juu kwa hofu. Siku ya mwisho ndiyo ilikuwa ya kwenda kina kirefu, kwenye mawe, kwa samaki wale. Baada ya hapo yeye alikuwa anaondoka kwenda kusini mwa ziwa, na mimi shule inafunguliwa. Nisipozama asubuhi ile, basi tena mpaka mwaka mwingine, na mwaka mwingine kaka alikuwa na binti mwingine.

Asubuhi hiyo nimekaa juu ya jiwe navaa suti ya mpira, ambayo ni kazi ya kutoa jasho kwa mwanamke mwenye nyonga kama zangu, simu ikaita. Ni kaka. Wakwe wamepata gari. Wanakuja leo.

"Leo ipi?" nikauliza.

"Leo hii. Pombe imeshaiva. Panda gari, jioni uko hapa, lami ipo. Usisahau migebuka."

Kwa kweli sikukata tamaa hapo. Nilipiga mahesabu kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angepiga. Tumezoea kushuka Kigoma asubuhi na kupanda jioni na magunia. Nikamwambia mwalimu tufanye haraka, tuzame, nitoke, nipande Kibondo.

Akavua miwani yake. "Apana, mama. Kama unazama leo, haupande mulima leo. Unapanda kesho."

"Mlima gani? Naenda nyumbani."

"Kwenu ni mulima, ni juu. Altitude ni altitude, haijali kama ni kwenu."

Akanieleza, na hili nawe ulishike kabla hujakata tiketi ya kurudi. Ukiwa chini ya maji, gesi ya kwenye ile hewa unayovuta huingia mwilini kwa kubanwa na uzito wa maji. Ukitoka inahitaji muda itoke polepole. Ukikimbilia mahali pa juu siku hiyohiyo, kwa ndege au kwa gari la mlimani, inaweza kutoa mapovu ndani yako kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mtu anaweza kupooza. Kwa hiyo acha siku moja tupu mwishoni mwa likizo, ya kukaa tu chini na kula samaki. Usiijaze kitu. Mimi yangu alikuwa ameijaza kaka.

Nikampigia. "Kaka, nikizama siwezi kupanda leo."

"Kwa nini?"

"Kibondo iko juu."

"Kibondo iko juu tangu tuzaliwe," akasema. "Imezidi leo?"

Nikamweleza habari ya gesi, na damu, na soda. Nilieleza vizuri, kazi yangu ni kueleza. Nilimsikia upande wa pili akiwaambia watu waliokuwa naye, "Anasema akirudi kwao atapooza." Wakacheka. Akarudi kwenye simu. "Mdogo wangu, nimeshasikia visingizio. Hiki hakijawahi kusikika kwenye ukoo huu. Nani amepooza kwa kurudi kwao?"

"Nakueleza kitu cha kweli."

"Basi usizame. Ziwa litahama?"

Ziwa haliwezi kuhama. Lakini masikio yangu yanazeeka, magoti yanazeeka, na mwaka ujao daktari yule anaweza asiandike alichoandika. Haya sikumwambia, maana alishakata simu. Mwalimu alikuwa amekaa na mitungi yake miwili, hanisukumi wala hanizuii. Nilimwonea binti wa kaka huruma, amefungiwa chumbani na mafuta mwili mzima, na wakwe uani wanamsubiri mtu ambaye yuko ndani ya suti ya mpira. Nilijua nitasemwa mpaka nizeeke. Nikitaka kusema niliamua kwa ujasiri nitakuwa naongopa. Nilikuwa nimechoka tu, nimechoka kabisa. Niliizima simu, nikaitia kwenye begi, nikamwambia mwalimu anifunge mtungi.

Samaki walikuwepo. Walikuja mmoja mmoja kunikagua vidole, na mwingine mdogo kabisa alinijia mpaka kwenye miwani akasimama, kama anayetaka kujua nimetoka wapi. Chini ya jiwe moja palikuwa na samaki mkubwa amelinda vitoto vyake, na vitoto vikimkimbilia mdomoni kila kivuli changu kilipopita. Mwanga wa jua ulishuka mpaka kwenye mchanga. Kwa muda wote ule hakuna aliyeniita, hakuna aliyeniagiza kitu. Nilifurahi mpaka nikasahau kupumua taratibu, na mwalimu akanigonga begani kunikumbusha.

Nilibaki chini siku ile kama nilivyoagizwa, na kesho yake nilipanda na migebuka yangu.

Uani kwa kaka, wakwe walikuwa wamelala kwa majirani na kuamka salama. Alikuwa amechinjwa mbuzi wa pili. Wazee wa upande wa bwana harusi walikuwa kivulini wanapiga soga na baba mdogo wetu, wameshafahamiana mpaka wanataniana, na mmoja alinisalimia kwa furaha akataka kujua kama bado natembea. Kaka hakufurahi. Kwetu salamu ni makofi, unayapiga polepole, ya kutosha, ukiulizia watu mmoja mmoja. Alinipigia makofi mawili, akaangalia migomba. Nikampa migebuka, akaipokea.

Nikaingia chumbani. Binti alikuwa ameketi kitandani na kitenge chake kipya, sahani ya karanga mapajani. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi.

"Pole sana, mwanangu," nikasema. "Nimekuchelewesha siku yako."

"Nimelala vizuri, masenge," akasema, kwa jina letu la shangazi. Akatafuna karanga, akafikiri. "Kumbe wanaweza kusubiri."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilibaki nimesimama pale na mkono niliokuwa nimeunyoosha kumshika, nikizikumbuka likizo zangu moja baada ya nyingine, na mabasi niliyoyakimbilia, na kila mara niliyoambiwa kwamba bila wewe leo haiwezekani. Hasira zilinipanda na sikujua nizielekeze kwa nani. Nje, kaka aliita kwamba watu wanangoja.

Niliketi kitandani kando ya binti yake, nikaivuta ile sahani, nikamwambia tumalize karanga kwanza.