Mdomo wa Mbuzi wa Neni Ismay

Neni Ismay Francique ana mdomo wa mbuzi. Sijamtukana, tulieni. Hapa kisiwani kwetu, mjini Gouyave, mtu mwenye mdomo wa mbuzi ni yule ambaye akisifia kitu, kitu kinaharibika, kama vile mbuzi akishatafuna mche. Alisifia mshelisheli wa jirani, Jumapili ukalala chini na mizizi juu. Alisifia hali ya hewa kwenye harusi ya binti wa Mwalimu Augustine, keki ikaondoka na maji. Na mwaka ule nahodha wetu wa kriketi alipofikisha mikimbio tisini na nane, Neni alikaa dukani kwa Anko Fitz akasema, "Huyu leo hatoki." Mpira uliofuata, vijiti vyake chini, katolewa. Anko Fitz alizima redio akaenda kulala saa saba mchana.

Neni maana yake mama wa ubatizo. Aliyemsimamia kwenye ubatizo ni kijana mmoja tu, Jervon, lakini sisi vijana wote wa mtaa tunamwita hivyo, naye hakatai.

Miaka thelathini na moja alichambua kungumanga pale kituo cha kukusanyia mazao. Unazimwaga kwenye maji, nzima inazama, mbovu inaelea. Neni hakuhitaji maji. Alikuwa anaipima kiganjani, anajua. Mbovu aliitupa kwa kelele, "Toka hapa!" Nzima aliiweka kwenye gunia bila neno. Alikuwa anaogopa kuisifia, si unajua tena.

Jervon naye akalelewa hivyo hivyo. Mama yake alihamia Brooklyn akamwacha kwa Neni akiwa na miaka sita. Kila jioni Neni akitoka kazini anamrushia machungwa mabichi uani, kijana ana gongo la kuti la mnazi. Akikosa, Neni anasema, "Macho umeyaacha wapi?" Akilipiga likavuka ukuta, likavuka barabara, likaenda kugonga bati la kanisa, Neni anasema neno moja tu: "Kaokote."

Miaka kumi na saba ya kaokote. Mtu mwingine angekuwa chizi. Jervon akawa mpigaji.

Sasa mwezi wa tatu Uingereza wakaja kucheza na timu ya visiwa vyetu vyote, na Jervon hakuwemo. Mechi tatu, kila moja siku tano, na nyie mnajua sisi na Uingereza tukikutana hata wachungaji wanafupisha ibada. Mechi ya kwanza Barbados, Neni akatuma sauti kwenye grupu letu la kriketi: "Wanangu, mwaka huu tuna timu." Mikimbio sabini na tisa, timu nzima nje kabla ya chakula cha mchana. Sabini na tisa! Mimi ndiye admin wa grupu. Nilimtoa kwa heshima zote. Niliweka na emoji ya ua.

Mechi ya pili Antigua, Uingereza wako mia mbili, wametolewa mmoja tu, wanacheka. Anko Fitz akapata akili. Akaenda kwa Neni na karatasi ya majina ya wachezaji wao.

"Bi Ismay, hebu mwangalie huyu kijana wao. Si anapendeza?"

Neni akaangalia tivii. "Kweli anapendeza. Ana mkono laini, kama anakoroga uji wa mtoto."

Ova iliyofuata, mipira sita tu ile, nje.

"Na huyu?"

"Huyu miguu yake inajua kazi."

Nje. Jamani, walianguka tisa mchana ule ule. Tukashinda kwa mikimbio arobaini, na Anko Fitz akazunguka mtaa mzima akijiita kocha.

Sare basi, wao mechi moja, sisi moja. Mechi ya mwisho hapa hapa kisiwani kwetu, St. George's. Siku mbili kabla, mpigaji wetu mmoja akavunjika kidole gumba, akaitwa nani? Jervon. Mtaa ulipiga kelele mpaka mbwa wakachoka kubweka. Neni alikuwa anamenya ndizi. Akaendelea kumenya.

"Neni, umesikia? Jervon!"

"Nimesikia. Masikio ninayo."

Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Vitunguu, akasema. Kwenye ndizi.

Mzunguko wa kwanza Jervon akapata tisa. Tisa tu, na Neni hakuwa amefungua mdomo hata kwa kupiga mwayo. Uingereza waliporudi kupiga, Anko Fitz akaja na karatasi yake. Neni akamsifia yule mrefu wao wa kwanza, haraka haraka, anakoroga chungu. "Ndiyo, ndiyo, mzuri huyo." Yule mrefu akapiga mia na sabini na moja.

Anko Fitz karibu alie. "Bi Ismay! Imekuwaje?"

"Sikumaanisha. Yule mimi simpendi. Anatafuna bigijii mdomo wazi."

Basi hapo ndipo sheria ilipojulikana: mdomo wa Neni unauma pale tu moyo wake upo ndani. Tukatazamana. Maana kwenye kisiwa hiki chote, hakuna mtu ambaye moyo wa Neni upo ndani yake kama Jervon.

Siku ya nne ikaisha tumetolewa sita kati ya kumi, tunataka mikimbio mia na kumi na nane ili tushinde, na Jervon bado yupo uwanjani na mikimbio yake ishirini na mbili. Kesho yake alfajiri Anko Fitz akahamisha tivii ya duka hadi uani kwa Neni. Alisema eti picha inashika vizuri pale. Uongo mtupu, tulikuja kumlinda asiongee. Saa moja kamili uani kuna watu thelathini, chungu cha mafuta-chini kishapangwa: shelisheli, nyama ya chumvi, tui, manjano, majani juu. Neni alikaa kwenye kigoda chake kama mshitakiwa.

Saa moja na nusu simu yake ikaita. Jervon, yuko hotelini. Na Neni hajui kutumia simu bila spika, kwa hiyo tulisikia wote.

"Neni."

"Umekula?"

"Nimekula. Neni, sikiliza. Nina dakika mbili, wanachukua simu zetu kabla ya mechi. Nataka uniambie kitu."

"Kitu gani?"

"Unajua. Hujawahi kuniambia. Hata siku moja. Nimelala nikijiuliza, labda hujaniambia kwa sababu si kweli."

Anko Fitz akaweka mikono miwili mdomoni kwake mwenyewe, kama kufanya hivyo kungeziba wa Neni. Mwalimu Augustine akatikisa kichwa, hapana, hapana, hapana. Mtu nyuma akanong'ona, "Mwambie avae soksi! Mwambie chochote!"

Neni alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi. Nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyemtoa kwenye grupu. Nilitaka kutikisa kichwa na mimi. Sikuweza.

"Jervon," akasema. "Unajua kupiga. Ulipokuwa na miaka saba ulinipigia chungwa likavuka kanisa, nikaenda jikoni nikacheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Mtoto wangu, wewe ni mzuri. Mimi nilikuwa naogopa tu."

"Haya, Neni," Jervon akasema. "Haya." Akakata.

Ilikuwa kama mtu kamwaga maji kwenye mafuta ya moto. "Umetuua!" Anko Fitz akapiga magoti. "Bi Ismay, umemzika mtoto hai! Siku nyingine zote hukuziona?"

"Kajiuliza kama si kweli," Neni akasema. "Miaka yote hiyo, mimi nanyamaza ili nisimharibie. Kumbe kunyamaza ndiko kulikokuwa kunamharibia. Chochea moto, Fitzroy."

Saa nne wakaanza. Mpira wa kwanza kwa Jervon, nawaapia, wa kwanza kabisa, ukampiga mguuni mbele ya vijiti. Mwamuzi akainua kidole, yaani nje.

Watu thelathini waligeuza shingo pamoja kumtazama Neni.

Neni kaweka mguu juu ya mguu. "Anaomba waangalie tena."

Na kweli, Jervon alikuwa ameonyesha ishara. Wakarudisha picha, mstari ule wa rangi unaoonyesha njia ya mpira ukatokea. Mpira ulidunda nje, pembeni kabisa ya vijiti. Si auti. Mwamuzi akashusha kidole chake kama mtu aliyeshikwa anadokoa nyama.

"Mmemaliza kunitazama?" Neni akauliza. "Tivii iko kule."

Kuanzia hapo kijana akapiga. Sijui niseme nini. Alipiga kama mtu aliyevuliwa gunia kichwani. Uingereza wakabadilisha warushaji, wakasogeza watu, nahodha wao akawa anakuna nywele. Upande wa pili wenzake wanaanguka, wa saba, wa nane, yeye yupo. Mafuta-chini yakaiva, hakuna aliyepakua. Ikabaki mikimbio sita. Sita tu! Jervon yuko themanini na nane. Akataka kumaliza kwa mpigo mmoja, akaupiga juu, juu, juu, na yule mrefu wa bigijii akaudaka.

Wa tisa huyo, nje. Amebaki mrushaji wetu wa mwisho, kijana ambaye gongo analishika kama ufagio.

Anko Fitz alikuwa ameshageuka. "Mnaona? Umechelewa tu kufika, ule mdomo!"

"Nilimwambia ni mzuri," Neni akasema. "Mia sikumwahidi."

"Basi msifie huyu anayerusha! Tafadhali! Kwa moyo!"

"Simsifii mtu nisiyempenda. Nimeacha."

Tukabaki na wa ufagio. Mpira wa kwanza ukagusa ukingo wa gongo, ukapita kati ya watu wawili ambao kila mmoja alidhani ni wa mwenzake, ukaenda zake hadi kwenye kamba ya mpakani. Nne, zikabaki mbili. Mmoja ukampita. Mmoja ukampiga tumboni. Wa nne akafumba macho, haki ya Mungu alifumba, na mpira ukaruka juu ya kichwa cha mtu ukadondoka majanini, wakakimbia, wakakimbia tena, tukashinda. Anko Fitz alinibusu sikio. Mwalimu Augustine, ana miaka sabini na nne, alikimbia hadi kanisani na kurudi.

Jervon alifika jioni, basi la timu limemshusha kona, bado na nguo nyeupe zenye madoa ya majani. Watu wakampa njia. Akasimama mbele ya Neni.

"Themanini na nane, Neni."

"Ule mpira wa mwisho ulikuwa wa kuuacha."

"Najua."

"Ile mingine," Neni akasema, akampa sahani iliyojaa hadi ukingoni, "ile mingine yote ilikuwa mizuri."

Akaisema mbele ya kila mtu, polepole, na alikuwa anamaanisha. Anko Fitz alitazama juu kama anayesubiri bati limwangukie. Halikuanguka.

Mimi nikatoa simu nikamrudisha Neni kwenye grupu. Niliona ni haki yake. Kabla sijamaliza hata shelisheli langu akatuma sauti, sekunde kumi na moja: "Wanangu, mwakani Australia tunawapiga, na Jervon anapata mia mbili."

Watu tisa walitoka kwenye grupu papo hapo. Anko Fitz alitoka akiwa amekaa pembeni yake kabisa.

Jervon alikuwa hapo hapo anatafuna. Akafuta mkono kwenye suruali, akaandika jibu: "Rudia, Neni."

Neni akarudia.