Siku Niliyolala Kikaoni

Ubao wangu zamani ulikuwa mlango. Seremala wa mtaani aliung'oa kwenye shule iliyobomolewa, akaupiga randa, akaupaka rangi nyeusi mara tatu, halafu akaupigilia ukutani kwangu, upande unaotazama bomba la maji. Hapo ndipo watu walipopanga foleni na ndoo zao kila asubuhi, na mtu anayesubiri ndoo ijae atasoma chochote utakachomwekea mbele ya macho.

Nilikuwa diwani kwa vipindi vitatu, miaka kumi na mitano. Aliyenitangulia walimwita Picha, kwa sababu walimjua kwa zile picha za kampeni zilizobandikwa kwenye nguzo, wala si vinginevyo. Mimi sikutaka kuwa picha ya mtu. Asubuhi baada ya kila kikao cha baraza nilitoka na chaki nikaandika tarehe, mambo yaliyojadiliwa na kilichoamuliwa. Taa za barabarani, zamu za maji, gari la taka lipite lini. Herufi zangu ndizo mwalimu wa darasa la saba alizokuwa akiwaonyesha wenzangu, na mpaka leo hazijapinda. Watu wakanibandika jina la Mama Ubao, nami nikaliitikia bila kuona haya.

Lililonivimbisha kichwa zaidi ni kwamba sikunakili popote. Wenzangu barazani, na vyeti vyao vya vyuo, waliinamia makaratasi hata kutaja mitaa yao wenyewe. Mimi nilisikia mara moja, nikabeba kichwani, nikaja kuandika. Karani wa kata, kijana mpole aliyekuwa hajamaliza mwaka kazini, aliniletea muhtasari wa kila kikao ndani ya bahasha ya kaki. Nilitia sahihi kwenye daftari lake la kupokelea, nikamwambia aiweke juu ya kabati. Bahasha zilirundikana pale mpaka paka akapata pa kulala.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa fundi viatu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi, akajishonea kiatu chenye soli nene kama tofali. Mafundi wengine walizunguka mitaani na sanduku begani. Yeye hakuweza, kwa hiyo kibanda chake ndicho kilichokuwa miguu yake. Kilikuwa cha kwanza katika vibanda kumi na kimoja vilivyoegemea ukuta wa zahanati. Tangu kaka yake afariki, kila Ijumaa mchana alikula kwangu. Kabla ya kuingia alisimama kwanza ubaoni, akasoma kwa kufuatisha kidole, kisha akauliza kwa sauti kama mwalimu ameshasahihisha.

Vile vibanda vilitakiwa viondolewe ili kupisha mtaro wa maji ya mvua. Suala lilikuja barazani mara tatu, na mara tatu likaahirishwa. Mara ramani haijakamilika, mara mhandisi ana udhuru. Mara ya nne lilikuja mchana, tukiwa tumeshiba. Feni iliyokuwa juu yangu ilizunguka kwa uvivu, kama nayo imetoka kula. Mhandisi akaanza kusoma vipimo vya mtaro. Nikafumba macho ili nisikie vizuri.

Kilichonigutusha ni mwenyekiti akigonga meza. Nilipofumbua macho, mikono ilikuwa juu kila upande, nami nikaupandisha wangu. Mwenyekiti akasema limepita, tukahamia kwenye gari la taka. Diwani aliyekaa kushoto kwangu alikuwa na umri wa binti yangu. Ningemwinamia tu nimuulize, mwanangu, tumepitisha nini? Neno lilinifika kwenye meno, likarudi. Mama Ubao aulize? Nikajiambia kwamba limeahirishwa tena, maana siku zote huwa hivyo.

Asubuhi nikaandika: Suala la vibanda vya zahanati limeahirishwa. Nikalipigia mstari kwa rula.

Siku ya tisa shemeji akaja, na haikuwa Ijumaa. Alisema karani amemwambia kuna fomu ofisini. Kila mwenye kibanda aijaze ndani ya siku ishirini na moja tangu siku ya kikao, apewe kizimba katika soko jipya. Asiyejaza, basi tena. Wenzake walikuwa wamemtuma aniulize mimi kwanza. Nilikuwa nachambua mchele, na sinia sikuliweka chini.

"Shemeji, wewe unamwamini nani? Karani aliyekuja juzi, au ubao?"

Akacheka. "Ubao. Nikiupinga, Ijumaa nitakula wapi?"

Akaondoka na soli yake ikigonga sakafu, akawaambia wenzake kumi kwamba fomu ni longolongo za karani, Mama Ubao amesema. Mimi nikaendelea na mchele. Bahasha ya kikao kile ilikuwa juu ya kabati, hatua nne kutoka nilipokaa. Nilijua iko pale. Nilijua pia kwamba nililala. Kuifungua kungenionyesha kama nimepatia au nimekosea, na mimi sikutaka kuonyeshwa.

Siku ya ishirini na tano, watu wa halmashauri walipita na rangi nyekundu, wakapiga alama kwenye vibanda vyote kumi na kimoja. Haikupita saa moja, wenye vibanda walikuwa mbele ya ubao wangu, na kila mtu bombani aliacha ndoo yake akaja kusikiliza. Mwanamke muuza mitungi akaniuliza, mama, hii ni nini na wewe umeandika limeahirishwa?

"Karani hakuniletea muhtasari," nikasema.

Nilisema kwa macho makavu, nikiwa nimesimama mlangoni kwangu, na bahasha iko nyuma yangu chumbani. Wakageuka wote wakaenda ofisi ya kata. Nilikuja kusimuliwa kwamba walimtukana kijana wa watu mpaka kwao, wakamwita mficha fomu, na kioo cha dirisha lake kikapasuka.

Alasiri alikuja kwangu na lile daftari kwapani. Nilimkaribisha kiti, hakukaa.

"Mama, sahihi yako imo humu. Sijamwonyesha mtu. Lakini kesho wanapeleka barua nifukuzwe kazi. Niambie wewe nifanye nini."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Nikamwambia aende tu, nitalishughulikia, kama mtu anavyomfukuza mwombaji kwa adabu. Alipotoka nikamwondoa paka, nikaishusha bahasha, nikapangusa manyoya. Ukurasa wa nne: vibanda kuondolewa, fomu kujazwa, siku ishirini na moja. Chini yake, majina ya waliounga mkono. Langu lilikuwa la tatu.

Kesho yake, kabla ya kitu kingine, nilikwenda halmashauri kuomba orodha ya soko ifunguliwe tena. Hata hapo nilikuwa bado natafuta njia ya kulimaliza bila kulisema. Ofisa wa soko alinisikiliza kwa heshima zote, akanionyesha mchoro. Vizimba vyote vilikuwa vimeshajaa, watu wa kata nyingine waliwahi. Akaniuliza, mama, kwani watu wako hawakuambiwa?

Nilirudi kwa miguu. Nikafuta ubao wote, na kitambaa cha kufutia kikawa cheupe mpaka vumbi likanipalia. Nikaandika tarehe kama kawaida yangu, halafu nikaandika kwamba karani alileta muhtasari kwa wakati, na sahihi yangu ipo. Kwamba sikuufungua. Kwamba kikaoni nililala, nikainua mkono bila kujua nauinulia nini, na neno limeahirishwa nililibuni. Karani hana kosa. Chaki ilivunjika mara mbili. Nyuma yangu nilisikia ndoo inafurika na hakuna aliyefunga bomba.

Waliopiga kelele walipiga kelele, na walikuwa na haki. Muuza mitungi alinitemea mate miguuni, nikayaacha yakauke. Barua ya kutaka karani afukuzwe ikachanwa hapohapo. Shemeji alifika mwisho kwa sababu ya mguu. Akasimama ubaoni, akafuatisha kidole mstari kwa mstari mpaka mwisho, kisha akarudi juu akaanza tena. Vumbi la chaki likamjaa kidoleni.

"Siku ile unachambua mchele," akasema, "ulikuwa unajua kwamba ulilala?"

Ningeweza kusema nilisahau. Lakini mtaa mzima unajua kwamba mimi sisahau.

"Nilijua."

Alinitazama, nami nikasubiri utani. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuniacha bila utani.

"Haya, Mama Diwani," akasema.

Kwa miaka thelathini alikuwa ameniita shemeji.

Vibanda vilivunjwa wiki ileile. Alipata pa kukaa kwenye ngazi za gereji, ng'ambo ya barabara kuu, mahali ambapo watu huleta magari, si viatu. Nilibakiza miaka miwili ya udiwani na nikaimaliza, maana kukimbia pia ni aibu, na sikugombea tena. Seremala nilimwita akapigilia misumari miwili kando ya ubao, na baada ya kila kikao karani akatundika pale muhtasari wenye mhuri. Mimi niliandika ubaoni kama zamani, kwa herufi zilezile.

Ijumaa moja moja, akitoka kuchukua gundi na misumari, shemeji alipita. Nilimwona dirishani. Alisimama, akafuatisha kidole chake kwenye karatasi ya karani, mstari kwa mstari, mpaka kwenye mhuri. Ubao hakuutazama. Sahani yake nilikuwa nimeshaiweka mezani, nimeifunika. Kisha nilisikia ile soli ikishuka barabarani, nikaifunua sahani nikala mwenyewe.