Siku Niliyowafasiria Watu Sinema ya Wafaransa

Mpaka leo wapo watu wa Chake wakikutana nami njiani huniita "Musyuu!" (ndiyo "Bwana" ya Wafaransa) kisha hucheka, na wengine katika hao ni vijana ambao hawakuwa hata wamezaliwa wakati jina hilo linanipata, wamelirithi tu kwa baba zao kama mtu anavyorithi mkarafuu. Miye huitikia. Nitafanyaje? Jina nililitafuta mwenyewe kwa ulimi wangu, mbele ya watu mia na zaidi, na kwa miaka mingi nimewaachia wengine waihadithie aibu yangu watakavyo. Leo naona niiseme mwenyewe, maana wao husimulia ile nusu ya kuchekesha tu.

Miaka ile, kabla ya vita vya pili vya Wazungu, nilikuwa fundi wa kanzu hapo Chake Chake, Pemba, na nilikuwa nimerudi karibuni kutoka Bukini, ndiyo Madagaska, mji wa Majunga, nilikokwenda kushona kwa miezi minane. Sasa jamani, mtu akitoka safari lazima arudi na kitu. Wenzangu walirudi na masanduku na vitambaa, miye nikarudi na Kifaransa. Yaani, nilisema nimerudi nacho. Ukweli (na hili sikumwambia hata mke wangu) ni kwamba kule Majunga nilishona na kula na kulala kwa Wangazija, na tukisema Kiswahili kutwa, na Kifaransa nilichokipata ni bonzuu, mersi, na tusi moja ambalo askari mmoja alinitukana nalo nami nikalishika kwa utamu wake. Lakini pale barazani, nikitupa bonzuu yangu moja asubuhi na mersi yangu moja nikipewa kahawa, watu waliamini, na miye nikaona si vibaya kuaminiwa.

Basi akaja Mhindi mmoja kutoka Unguja na mashine ya sinema, wenyewe tukamwita Bwana Sinema. Sinema zile hazikuwa na sauti. Picha hutembea, kisha huondoka yakaja maandishi, kisha picha zikarudi. Aliyokuja nayo ilikuwa ya Wafaransa, ya mambo ya kale ya wafalme wao, na maandishi yote Kifaransa, naye hajui hata neno moja. Akaomba ghala la karafuu, na siku ya siku, baada ya sala ya alasiri, matundu yote yakazibwa kwa magunia ili pawe kiza, majamvi ya kuanikia karafuu yakatandikwa chini, na miye kwa kuwa ni fundi nikaambiwa nitundike pazia refu katikati, wanaume upande huu na wanawake upande ule, wote wakiitazama shuka moja nyeupe ukutani. Watu walijaa. Walitoka Wawi, walitoka Mtambile, na wazee watatu walikuja toka Kisiwa Panza kwa jambo hilo hilo tu.

Mbele kabisa paliwekwa kiti kimoja cha mikono, cha Bwana Khalfani wa Wawi.

Huyu nimweleze vizuri, maana bila yeye hapana hadithi. Alikuwa mzee wa asili ya Omani ambaye babu zake walikuwa na mashamba ya mikarafuu usiyoyaona mwisho, na yeye akabakiwa na nyumba kubwa ya mawe inayovuja, na joho moja la uzi wa dhahabu. Joho lile nalijua. Mara mbili aliniletea mwenyewe, saa za mchana pasipo na watu, nilitie viraka kwa ndani, na mara zote mbili aliniambia, "Fundi, jambo hili ni langu na lako tu." Lakini mwendo wake ulikuwa uleule wa mwenye mali. Akiingia mahali husimama kwanza mlangoni, hungoja wanyamaze, hukohoa kidogo, kisha husema, "Karibuni, karibuni, kaeni," hata kama mahali penyewe si kwake. Siku ile pia alifanya hivyo mlangoni mwa ghala la watu, na sote tukakaa.

Bwana Sinema akauliza, "Jamaa, nani hapa anajua Kifaransa, awafasirie watu?"

Nikasikia jina langu upande wa wanaume, na nikalisikia hata nyuma ya pazia. Hapo ndipo nilipopotea. Ningesema nakijua kidogo tu, ningesema koo linaniuma, ningesema lolote. Nikasema, "Kifaransa? Hicho mbona nakinywa kama maji." Nikapewa fimbo ya kuonyeshea, nikasimama kando ya shuka.

Mashine ikaanza kuzungushwa kwa mkono, na ukutani akatokea mtu mzima, mwembamba, ana upanga kiunoni, soksi nyeupe mpaka magotini, uso umepakwa poda, na kichwani kavaa rundo la nywele nyeupe za bandia refu kama mzinga wa nyuki.

"Yarabi," akasema mtu nyuma ya pazia, "yule mume au mke?"

"Mume, huoni upanga?"

"Upanga na poda?"

Mzee mmoja wa Kisiwa Panza akauliza kwa upole kabisa, "Kichwani kavaa kondoo mzima?" na ghala likacheka. Kisha wakaja wageni wa yule bwana, wote na makondoo yao vichwani, wakaanza kuinamiana kusalimiana, wakainama, wakainama tena, mpaka vichwa vikagongana na nywele zikaanguka zikachanganyika chini, na kila mmoja akaokota zisizo zake. Watu walilia kwa kucheka. "Hata salamu zao zina hatari," akasema jirani yangu mmoja.

Ndipo maandishi ya kwanza yakaja. Watu wakanigeukia. "Fundi, asemaje?"

Niliyatazama. Yalikuwa kama siafu waliokanyagwa. Nikasema, "Anasema... karibuni." Na kweli pale picha ziliporudi wageni wakawa wanaingia ndani! Nikashusha pumzi. Maandishi ya pili nikasema, "Leteni chakula," na watumishi wakaonekana wanakimbia na sahani, ingawa (hili nililiona lakini sikulitilia maanani) sahani zilikuwa tupu. Ya tatu yakaja marefu, na miye nikasema maneno mawili tu, na mtu akauliza mbona maandishi mengi na maneno machache. "Kifaransa ndivyo kilivyo," nikajibu, "kinazungukazunguka." Wakacheka. Safari hii hawakumcheka mtu wa ukutani, walichekeshwa na miye, na kicheko cha watu mia, ndugu zangu, ukishakionja mara moja unataka tena.

Yule bwana wa ukutani alikuwa na koti la nakshi lililochakaa mabegani, na nyumba kubwa isiyo na vyombo, na mikono yake haichoki kukaribisha. Sijui shetani gani alinipitia. Maandishi yalipokuja nikasimama wima, nikangoja wanyamaze, nikakohoa kidogo, nikasema, "Karibuni, karibuni, kaeni."

Kisha mtu mmoja kule nyuma akalifahamu, akapasuka kwa kicheko, na kicheko kikatembea jamvi kwa jamvi mpaka mbele. Nikarudia. Nikarudia tena na tena, kila maandishi yakija, na sasa nilikuwa nimelewa kabisa, na yule bwana alipolikung'uta koti lake miye nikapaza sauti, "Msiliguse joho langu! Nje dhahabu, ndani viraka!"

Walicheka mno. Bwana Khalfani hakugeuka. Nilimwona kwa mwanga wa picha, alilivuta joho lake taratibu akajifunika nalo magotini, kama mtu aliyehisi baridi, na Pemba mwezi ule hapakuwa na baridi.

Nilijua nimefanya nini. Nilijua palepale. Lakini maandishi mengine yakaja, na watu wakaniangalia wakingoja, nami nikafungua kinywa.

"Fundi Hamadi," sauti ya mwanamke ikasema nyuma ya pazia. "Hayo unayoyasema siyo yaliyoandikwa."

Ilikuwa sauti ya Bi Echati, Mngazija, mjane aliyekuwa akiuza mikate ya mofa karibu na soko. Sote tulijua katoka Moroni. Nisilolijua ni kwamba baba yake alikuwa karani wa Wafaransa huko, akamsomesha binti yake nyumbani mpaka binti akawa ndiye anayemsomea baba barua za Kifaransa.

"Sikutaka kusema mbele za watu," akasema, "lakini umevuka mpaka. Hapo anawaambia wageni: viti nimeviuza ili mpate kula, basi niwieni radhi, leo tutakula wima."

Hakuna aliyecheka. Mashine ikaendelea kuzunguka, na kweli wale wageni na makondoo yao wakawa wanakula wima, mmoja kaegemea ukuta, mmoja kaweka sahani juu ya mgongo wa mwenzake. Maandishi yakaja tena, na Bi Echati akasoma pole pole, "Mtumishi anasema, bwana, nyama imebaki ya watu wawili. Naye bwana anamjibu, basi sema mimi na wewe tumekwisha shiba."

"Mashaallah," akasema yule mzee wa Kisiwa Panza. Halafu watu wakacheka, lakini kicheko kingine, kama unavyomcheka mtu wa kwenu unayempenda.

Miye nikaona niondoke. Nikarudi kinyumenyume kizani, fimbo mkononi, nikaukanyaga upindo wa pazia nililolitundika kwa mikono yangu, kamba ikakatika, na pazia lote likanishukia, nami nalo tukaangukia upande wa wanawake. Mayowe! Mmoja alinipiga kwa kiatu cha mti, wa pili sijui kwa nini, mtu akadhani pamewaka moto akaufungua mlango, jua la alasiri likaingia lote, picha ikafutika ukutani, na watu wote wa Chake, Wawi na Mtambile wakaniona nimeviringishwa nguo kama maiti, kichwa tu nje.

"Bonzuu, Musyuu!" akapiga kelele mtu, na jina likashika hapohapo.

Katika zogo lile Bwana Khalfani akainuka. Akasema, bila kukohoa, "Fungeni mlango. Pazia lirudisheni mahali pake. Bi Echati, tafadhali mama, endelea." Akakaa. Miye nilitoka, nikasikiliza vicheko vilivyobaki kwa nyuma ya ukuta, nikiokota makonyo, vile vijiti vya karafuu, kwenye nywele zangu.

Siku ya tatu nikaenda Wawi. Nilimkuta amekaa peke yake katika ukumbi wake mkubwa, akanionyesha pa kukaa.

"Shikamoo, Bwana. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Radhi ya nini? Kutojua Kifaransa si kosa."

"Si ya Kifaransa, Bwana."

"Naam," akasema. "Kiswahili chako nilikifahamu vyema." Akakaa vizuri kitini. "Hebu sema tena vile."

Nikamwomba anisamehe hilo. Hakunielewa, au hakutaka kunielewa. Basi nikasimama katika ukumbi wa mtu, mbele yake mwenyewe, nikasema, "Karibuni, karibuni, kaeni."

"Na kikohozi?"

Nikakohoa. Alikuwa amefumba macho. "Huyo ni baba yangu," akasema. "Miye nilidhani sauti yake nimekwisha isahau."

Akaniletea kahawa kwa mkono wake mwenyewe, na tukanywa, na nikaanza kudhani yamekwisha. Kisha akaweka kikombe chini. "Lakini lile la viraka. Lile halikuwa la baba yangu. Lile lilikuwa letu sisi wawili."

Nikaweka changu chini pia, nikainuka.

"Ukirudi Chake," akasema aliponisindikiza mlangoni, "waambie nimekufukuza. Nimekufukuza kwa bakora. Wakisikia nimekunywesha kahawa watasema Khalfani hata hasira zimemwishia."

Nikafanya hivyo. Nilikwenda barazani nikawaambia alivyoniinulia bakora na nilivyokimbia viatu mkononi, watu wakacheka sana wakamsifu mzee, na huo ndio uongo pekee wa maisha yangu ambao siujutii. Leo yeye katangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, ndiyo maana naweza kusema kwamba hakuniinulia hata kidole.

Ila joho hakuniletea tena. Mwaka uliofuata, siku ya Idi, nilimwona amelivaa, na nilipompisha njiani upindo ukageuka kidogo na upepo, nikaona kwa ndani mishono mikubwamikubwa, mibaya, ya mtu asiyejua kushika sindano. Alikuwa amelishona mwenyewe.

Tangu hapo nikiulizwa nisilolijua husema silijui, na hilo, nimeona, ni jepesi, ulimi huzoea upesi. Gumu ni lile la pili, kunyamaza juu ya ninalolijua, na hilo kila siku bado najifunza.