Mihogo Niliyoifunika kwa Karanga

Naona aibu kuandika haya, lakini bora niwaambie mwenyewe kuliko mkayasikie kwa jirani yangu Saidi, ambaye hawezi kusimulia kitu bila kukiongezea chumvi.

Mke wangu alikuwa amesafiri kwenda Kigoma kumuuguza dada yake. Nyumbani tulibaki watatu: mimi, Zaina mke wa mwanangu (mwanangu yuko Uvira kikazi), na binti yao Rukia, wa miaka sita. Zaina anauza vitambaa Rohero, katikati ya mji, na jioni hurudi amechoka, ndipo nikatangaza mbele ya Saidi na wazee wenzangu kwamba wiki hiyo napika mimi, maana chakula cha siku za kazi ni jambo jepesi, wakati wa mvua maharage na ndizi, kiangazi ndagala, yaani dagaa, au mihogo, kwisha.

"Mzee, kumbe utatufungulia restora!" Saidi akacheka.

Jumatatu na Jumanne nilisifiwa, nami nikavimba kichwa. Jumatano nikaenda soko la Musaga, nikachagua mihogo minene, na mama muuzaji akanishika mkono.

"Mzee, hii apana ya kuchemsha. Hii ni michungu, unailoweka siku tatu itoke sumu, ndio unaianika, unasaga unga."

"Mama, mi nilikula mihogo we hujazaliwa."

(Kula nilikula, ndiyo. Kupika nilikuwa sijawahi.)

Nikaichemsha mchana uleule. Nilipoionja ilikuwa michungu, ikakwaruza ulimi, na hapo ndipo ningeimwaga, lakini nilimwona akilini Saidi anavyonicheka, basi nikatengeneza sosi nzito ya karanga nikaifunika yote, na saa kumi na moja Rukia akala sahani nzima huku akinisifu, "Babu, tamu!" Mimi nilikula vipande viwili tu, kwa sababu kichwa kilianza kunigonga.

Zaina aliporudi alimkuta mtoto anatapika uani. Baada ya muda kidogo Rukia hakuweza kusimama. Saidi akatoa gari lake, tukakimbilia kituo cha afya, benchi zote zimejaa, na muuguzi akauliza mtoto amekula nini.

"Mihogo," nikasema.

"Ililowekwa?"

Zaina alinitazama. Saidi alinitazama. Benchi zima, nadhani, lilinitazama.

"Ndiyo. Siku tatu."

"Basi tumupime malaria kwanza. Mukae, mungoje."

Tukangoja. Rukia alikuwa anahema mbiombio kwenye mapaja ya mama yake, macho yanafumba, Zaina anampigapiga shavu, "We Rukia, usilale, we mama, niangalie," nami nimekaa kando nikihesabu watu walio mbele yetu, na kila niliyemhesabu nilijiambia akitoka huyu nitasema, akatoka wa kwanza, akatoka wa pili, sijasema. Mtu mzima, nywele nyeupe, naogopa wanawake wa kwenye benchi! Kisha mkono wa mtoto ukaanguka ukaning'inia.

Nikasimama. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Nilidanganya! Mihogo haikulowekwa hata kidogo. Ilikuwa michungu, niliambiwa, nikaifunika kwa karanga."

"Mutu muzima!" mwanamke mmoja akasema. Mwingine akatema mate chini. Muuguzi alimnyakua mtoto akakimbia naye ndani, wakamwekea hewa na dripu, wakampeleka hospitali kubwa, na Saidi akaendesha gari nyuma ya ambulansi bila kufanya mzaha hata mmoja, jambo ambalo lilinitisha kuliko yote.

Kesho yake saa nne Rukia alikaa kitandani akadai andazi. Alhamdulillahi. Nikamwomba Zaina radhi hapohapo. Akasema, "Papa, kukosea unakosea. Lakini ulikaa pale, unamuangalia, unanyamaza."

Nimeapa kwamba muuza chakula akiniambia jambo, nitamsikiliza hadi mwisho, na nikikosea nitasema kabla sijaulizwa. Siku hizi bado napika mara mojamoja. Zaina hupakua, huweka sahani ya kwanza mbele yangu, humshika Rukia mkono, nao hungoja. Nakula, nameza, nanyanyua uso, ndipo anamwachia mtoto.