Paja la nguruwe lililopikwa mara mbili

Saa tisa alasiri, jiko la nyumba ya wageni mjini Kahama linanukia karafuu. Euphrasia, ambaye wengi humwita Mama Nelly, anachanja mafuta ya juu ya paja la nguruwe kwa ncha ya kisu. Analipaka asali iliyochanganywa na maji ya nanasi, analifunika kwa foili na kulisukuma ndani ya oveni yenye moto mdogo.

"Hili limekuja limeshapikwa na kukaushwa kwa moshi huko huko kiwandani," anasema. "Kazi yako ni kulipasha tu, lisikauke. Mwishoni unalifunua, unaongeza moto, asali ishike rangi. Yakibaki mabaki, unayakaanga na mayai asubuhi, au unatia kwenye maharage."

Anaeleza kama mtu aliyezoea. Lakini hakuna siku anayolishika paja hilo bila moyo kumuuma.

Miaka minne iliyopita aliletewa la kwanza, kwa chakula cha jioni cha wageni wa mgodini. Hakuna aliyemweleza lolote. Na nani huku asiyejua kwamba nguruwe asiyeiva ni kujitafutia minyoo? Akafanya alivyofundishwa na mama yake, akalichemsha mchana kutwa. Kufika jioni nyama ilikuwa nyuzi tupu. Wageni wakasukuma sahani. Mwenye nyumba, badala ya kufoka, akacheka na kumwambia abebe yote nyumbani.

"Nilifurahi jamani! Mume wangu alipenda kitimoto kuliko alivyonipenda mimi," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu.

Mumewe, Herman, alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Mwakitolyo. Kesho yake aliondoka na bakuli limejaa. Kwenye duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, kikosi chake kilikula sinia moja, Waislamu kwa Wakristo. Siku hiyo Herman hakutaka kuwaharibia wenzake chakula. Akaenda kukaa peke yake nyuma ya kifusi, ukingoni mwa shimo la zamani lililoachwa. Mvua ilikuwa imenyesha. Ardhi ikakatika, ikaenda naye.

"Msibani waliniambia ajali haina kinga. Mimi nikawa najiambia, ningelipasha tu lile paja, wageni wangelila, na Herman angekula dagaa na wenzake."

Anafuta machozi kwa mgongo wa mkono, maana viganja vimejaa asali.

Tangu hapo hajaionja nyama hiyo wala kuiingiza nyumbani kwake. Anaipika kwa sababu ana watoto watatu, na mshahara wa laki mbili na nusu haupatikani kirahisi kwingine. Mwakitolyo hajakanyaga tena.

Mwezi uliopita Masudi, rafiki wa Herman wa kikosi kile, alibisha hodi mlangoni pa jiko. Hakuwa ameonekana tangu mazishi.

"Shemeji, nimekukimbia muda mrefu," alimwambia. "Siku ile mimi ndiye niliyemtania. Nilimwambia, Herman, hicho kitimoto chako kipeleke mbali huko! Tukacheka, na yeye akacheka. Ndiyo akaenda."

Euphrasia alimvutia kigoda, akammiminia chai.

"Nilitaka kumchukia, nikashindwa," anasema. "Miaka yote nilidhani mzigo huu ni wangu peke yangu, kumbe mwenzangu naye alikuwa hapati usingizi."

Sasa wana mpango. Masudi anakata miti ya kujenga kibanda cha mama lishe kwenye machimbo yale yale, mbali na mashimo ya zamani. Euphrasia ndiye atakayepika. Kutakuwa na meko mawili, na vyombo vya kitimoto havitagusana na vingine. Lakini benchi litakuwa moja, refu, chini ya paa moja. Jumapili atakwenda kuonyeshwa kiwanja, na hafichi kwamba anaogopa.

"Kila mtu atakula chake," anasema. "Ila hapo kwangu, hakuna atakayeambiwa aende akale mbali."